Mama anauza omena (dagaa) sokoni Kibuye na hana hati ya mshahara. Fomu ya msaada wa ada nijaze nini?

Binti wa Kibuye (Kisumu)

Hamjambo nyote. Habari yangu ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie.

Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka jana nikapata A- ya pointi 78. Siku niliyokwenda shuleni kuchukua slipu ya matokeo, mwalimu wangu wa Fizikia aliniita kando akaniambia nisiishie KUCCPS tu, wale wanaotupangia vyuo vya hapa nchini. Akasema kuna vyuo vikuu vya kibinafsi Marekani ambavyo mtoto asiye na pesa, akishakubaliwa, hulipiwa masomo, chumba, chakula mpaka nauli. Kwetu habari za kusomea Marekani si ngeni. Babu husimulia zile ndege za Tom Mboya za 1959, jinsi wanafunzi 81 walivyosafiri na ndege ya kwanza, na kila akisimulia huishia kwa kijana wa jirani aliyebaki nyumbani kwa sababu baba yake alikataa kuuza ng'ombe. Kwa hiyo maneno ya mwalimu sikuyachukulia mzaha.

Tangu Machi nashinda maktaba ya taifa hapa mjini. Agosti nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kwa laptopu ya kuazima, nikapata 1450. Insha nimeiandika mara sita. Kilichonikwamisha ni CSS Profile, ile fomu ya kueleza hali ya pesa nyumbani. Imefunguliwa tarehe 1 mwezi huu wa Oktoba na mimi sijavuka ukurasa wa mapato ya mzazi.

Mama anauza omena Kibuye. Hununua kwa gunia kutoka Usenge, huuza kwa gorogoro (kopo la kupimia), na Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Siku hiyo mimi na mdogo wangu huwa naye kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama hana hati ya mshahara, hana akaunti ya benki, hajawahi kujaza ritani ya kodi. Kilichoandikwa mahali ni M-Pesa peke yake. Nikapiga *334# nikaomba taarifa ya miezi 12, na ilipofika kwenye barua pepe nikaona pesa zilizoingia ni shilingi 1,140,000. Nilikaa nikiitazama tu. Tunaishi chumba kimoja Manyatta, kodi 4,500, na mwezi wa sita mwenye nyumba alitupigia kufuli. Hiyo milioni ilipita wapi?

Nikiandika 1,140,000 wataona tunajiweza. Nikimuuliza mama anasema, "Andika hatuna kitu." Hilo nalo si kweli, maana tunakula na kodi hulipwa hata ikichelewa, na mimi sitaki kuianza safari hii kwa uongo.

Kuna pia shamba Seme ambalo bado lina jina la babu. Fomu inauliza mali. Niliweke? Halafu KUCCPS walinipa uhandisi na sijaripoti mpaka leo. Shangazi anasema nimeacha ndege aliye mkononi. Na kuna jamaa mmoja mwenye ofisi mjini anayetaka 150,000 ili "anishughulikie" kila kitu. Mama ameanza kuulizia mkopo. Tafadhali, anayejua anisaidie.

Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)

Binti yangu, kabla ya yote mwambie mama asikope. Hakuna mtu wa ofisi mwenye mlango wa nyuma wa kukuingizia kwenye vyuo hivyo. Kazi anayotaka kulipwa 150,000 ni kukujazia fomu ambazo umekwisha kuanza kuzijaza wewe mwenyewe, na wanaokagua wanaijua insha iliyoandikwa na mtu mzima.

Kuhusu nafasi ya KUCCPS: usiitupe, wala usiende kukaa darasani "kwa muda tu". Vyuo vingi vya Marekani, ukishaanza digrii kwingine, hukuhesabu mwanafunzi wa kuhamia, na msaada wa wanaohamia kutoka nje ni haba sana. Mwandikie msajili wa chuo ulichopangiwa uombe kuahirisha kwa mwaka mmoja. Peleka barua mwenyewe, wiki hii, ubaki na nakala yenye muhuri. Hapo shangazi atatulia na wewe utakuwa na pa kurudi.

La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, nawe hukulitaja. Barua za walimu je? Novemba yote sisi tumo kwenye KCSE, wengine tunapelekwa kusimamia shule za mbali, na baada ya hapo ni kusahihisha. Ukija kuniomba barua mwezi wa kumi na mbili utanipata nimechoka au hutanipata kabisa. Nenda sasa. Unahitaji walimu wawili wa masomo, na mmoja wa kusimama kama mshauri wa shule, aghalabu naibu mkuu au mwalimu wa darasa. Huyo ndiye anayepandisha mtandaoni matokeo yako ya kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa hiyo hakikisha karatasi hizo zipo kwenye faili kabla hajaketi kwenye kompyuta.

Na uwakumbushe walimu jambo moja waliloliona kwako kwa macho yao. Barua ya kwanza niliyowahi kumwandikia mwanafunzi wangu ilikuwa na mistari minne: ana nidhamu, ana bidii, anaheshimu wakubwa, namtakia mema. Kijana yule alikuwa ametengeneza mizani ya maabara iliyolala kabatini miaka, na mimi sikuitaja. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Kwa wengine mnaosoma hapa na matokeo mazuri: ulizieni KenSAP mapema. Mpango huo ulianzishwa 2004 na Mike Boit, yule mkimbiaji wetu wa mita 800 aliyepata shaba Munich 1972, pamoja na John Manners, na umewapeleka watoto wengi wa Bonde la Ufa kwenye vyuo vya aina hii. Walio kwenye mpango wa viongozi wa benki ya Equity nao hupata mafunzo ya kuomba vyuo vya nje. Na ushauri wa EducationUSA kuhusu kusomea Marekani, kwenye ubalozi wao Nairobi, hauuzwi.

Msichana wa Webuye (mwaka wa tatu, Massachusetts)

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nililia kidogo, kwa sababu ukurasa huo uliokukwamisha wewe ulinikwamisha na mimi.

Baba yangu alikuwa kiwandani. Kiwanda kilipofungwa akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara, na kila jioni alinipa daftari nimwandikie: spoki kumi, mnyororo mmoja, gundi. Mara ya kwanza nilipoomba vyuo sikuona maana ya daftari lile. Niliandika mapato ya mwaka kwa kukisia, nikaomba vyuo vinane vyenye majina makubwa, vyote nikakataliwa. Niliwaza sina akili ya kutosha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba vingi kati ya hivyo, kwa mwanafunzi wa kutoka nje, huangalia kwanza atagharimu kiasi gani. Mwaka wa chuo kama hivyo ni zaidi ya dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10, na pesa walizotenga kwa wageni huwa na kikomo. Ukihitaji zote, unashindania viti vichache mno.

Kwa hiyo kabla ya kurudi kwenye omena ya mama, angalia orodha yako. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii pesa zako wakati wa kuamua, hata kama umetoka Kisumu, na ukikubaliwa hulipa chote ambacho familia haiwezi. Dartmouth na Bowdoin walijiunga nao 2022, na Brown kwa wanaoingia kuanzia 2025. Stanford, Columbia, Cornell na Penn ni wakarimu ukishaingia, lakini kwa mgeni uhitaji wako unaingia kwenye uamuzi. Sikwambii usiombe huko. Nakwambia ujue unapoomba. Na hivyo vya kwanza navyo ni vigumu vibaya: Harvard, Yale, Princeton na MIT huchukua chini ya watu 6 katika kila 100 wanaoomba, na sisi wageni ndio tunaobanwa zaidi. Bowdoin hawajalazimisha SAT tangu 1969, kwa hiyo pale una hiari ya kuipeleka 1450 yako au kuiacha. MIT na Harvard wanaitaka.

Sasa fomu. Hiyo 1,140,000 si mapato ya mama. Ni pesa zilizopita kwenye simu yake. Mama akiuza kwa 12,000 gunia alilolinunua kwa 10,000, akalipa gari na mtu wa kubeba na ushuru wa soko, kilicho chake ni kile kidogo kilichobaki. Fomu inataka hicho. Tena M-Pesa inadanganya pande zote mbili. Kuna pesa zilizoingia ambazo si zake: mkopo, pesa za ada alizotumiwa na ndugu, pesa za chama cha kuchangishana. Na kuna pesa zake ambazo hazikuonekana kabisa, maana anayenunua gorogoro moja Jumapili asubuhi huwa anatoa noti.

Kaa na mama jioni moja, simu ikiwa imezimwa, na daftari jipya. Usimuulize "unapata ngapi kwa mwaka". Hakuna mfanyabiashara wa soko anayejua jibu la swali hilo. Muulize wiki iliyopita ilikuwaje. Magunia mangapi, yalinunuliwa kwa bei gani, yaliuzwa kwa siku ngapi, kipi kiliharibika kwa mvua. Kisha muulize miezi mibaya. Najua omena haivuliwi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ziwa likiwa limefungwa ili samaki wazaane. Hiyo ni theluthi moja ya mwaka! Mtu aliye Marekani hawezi kuijua mpaka umwambie, na mwishoni mwa fomu kuna nafasi ya kueleza hali zisizo za kawaida. Mweleze hapo kwa sentensi tano au sita, bila kulalamika. Kiasi unaandika kwa shilingi. Usihangaike kubadili kwa dola.

Mimi nilipiga picha kurasa kumi na mbili za daftari la baba, moja kwa kila mwezi, nikaambatanisha na barua ya chifu na tamko la mzazi asiyejaza ritani ya kodi. Mara hiyo ya pili chuo kiliniandikia swali moja tu: gundi na spoki zinanunuliwa wapi? Nikajibu, Bungoma. Wewe ongeza cheti cha kifo cha baba. Kama mjomba au shangazi husaidia, andika kiasi. Usimfiche kwa kuogopa kwamba atahesabiwa kuwa mfadhili wako.

Shamba la Seme ni la babu maadamu bado lina jina lake. Usiliweke kwenye mali ya mama. Litaje kwenye maelezo tu: lipo, ni la babu, mnalima mahindi ya kula.

Jambo moja nimeliona kwenye maelezo yako na naogopa umelipita. Kazi ya Jumapili pale Kibuye, umeiandika kwenye shughuli zako? Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli, na kati ya aina zake ziko kazi ya malipo na majukumu ya nyumbani. Wenzetu wa shule za bweni huandika klabu ya midahalo na klabu ya sayansi, mambo mazuri, lakini wewe umekuwa ukipima, ukiuza na kurudisha chenji saa nyingi kila wiki kwa miaka. Kila shughuli ina herufi 150 tu, kwa hiyo taja vitu na idadi, acha sifa.

Pesa za kutafuta ni hizi. Ada ya maombi ni kama dola 75 hadi 90 kwa chuo, lakini omba kusamehewa. Mshauri wa shule anathibitisha. SAT hukusamehewa, nakupa pole. CSS yenyewe hulipiwa, ila vyuo vingi hutoa namba ya msamaha kwa mgeni akiomba kwa barua pepe. Ukikubaliwa, kuna ada ya SEVIS (kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni) dola 350 na ya viza dola 185, na safari ya ubalozini Gigiri, Nairobi, kwa mahojiano. Chuo changu kilinirudishia nauli ya ndege ila si hizo. Ukitaka kuanza kuweka akiba, weka kwa ajili ya hizo, si ya mtu wa ofisi.

Mama wa Njoro (Nakuru)

Mimi nilimlipa mtu wa ofisi. Ni 180,000, nilizitoa kwa ng'ombe wawili na akiba ya viazi. Kijana wangu alipata barua ya kukubaliwa yenye nembo na rangi nzuri, tukafurahi, tukaita majirani tukala. Tuliposoma ukurasa wa pili tukaona tunatakiwa kulipa dola 31,000 kila mwaka. Hakukuwa na msaada wowote. Chuo chenyewe kilikuwa kinamchukua karibu kila anayeomba. Nilipompigia simu yule mtu wa ofisi niliambiwa kazi yake ilikuwa kutafuta barua, na barua nimepata.

Mwanangu sasa yuko mwaka wa pili hapa nchini na anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Lakini ng'ombe wale sijawapata tena. Mama wa Kibuye, kama binti yako anakusomea haya: mwenzangu, usikope.

Binti wa Kibuye (Kisumu)

Nimerudi baada ya siku nne. Asanteni sana, wote. Mama wa Njoro, nilimsomea mama maneno yako kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nimpigie yule jamaa nimwambie hapana.

Dada wa Webuye, nilifanya kama ulivyosema, na nimeipata milioni. Mama ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi pale sokoni. Kila wiki wenzake tisa humtumia 1,000 kila mmoja, naye humtumia mwenye zamu. Ni 468,000 kwa mwaka zilizokuwa zikiingia na kutoka, na hata shilingi haikuwa yake. Mjomba alituma 60,000 za ada ya mdogo wangu. Mkopo wa simu na wa sako ulikuwa 40,000. Zinabaki 572,000 za omena kwenye M-Pesa, na tumekadiria za noti kuwa 400,000. Ununuzi, gari kutoka Usenge, ushuru, kuhifadhi na zilizooza ni 816,000. Faida ni 156,000 kwa mwaka. Miezi minane ni kama 16,000 kwa mwezi, na ile minne ya ziwa kufungwa ni 7,000.

Mama aliangalia hesabu ile akaniuliza, "Kwa hiyo ndiyo hii ninayowalea nayo?" Nilishindwa kumjibu. Kisha akaniambia niandike pia kwamba hajawahi kumdai mtu wa chama hata senti, kama fomu ina nafasi.

Barua ya kuahirisha imegongwa muhuri juzi. Mwalimu wa Fizikia amekubali kuandika, wa Kemia ameniambia nimfuate Ijumaa kabla hajaenda kusimamia. Nimeondoa vyuo vitatu kwenye orodha, nimeongeza Bowdoin na Amherst. Bado swali moja: penye kazi ya mzazi, niandike "mchuuzi" au "mfanyabiashara"? Na lile la chama niliandike kweli?

Msichana wa Webuye (mwaka wa tatu, Massachusetts)

Mfanyabiashara wa samaki wakavu, aliyejiajiri, na miaka aliyofanya kazi hiyo. La chama liandike kwenye maelezo, sentensi mbili, ndilo linaloeleza kwa nini M-Pesa na daftari havilingani. Ukimaliza nitumie ujumbe kabla ya tarehe 25, nikusomee.

Binti wa Kibuye (Kisumu)

Miaka 14. Naandika sasa hivi, mama yuko hapa kando yangu.